Wasomaji Wanauliza: Ubao, tindikali na picha zilizopinga vita

Makala ya toleo lililopita kuhusu wachoraji wa Ujerumani na Vita Kuu ya Kwanza imetuletea barua nyingi. Tumechagua sita. Baadhi zinauliza historia na baadhi zinauliza kazi ya mikono, na tumezijibu kwa pamoja kwa sababu katika sanaa hii mambo hayo mawili hayaachani.

Kaka yangu anashikilia kwamba wasanii wa ekspreshonizimu, ule mtindo wa kuchora hisia kuliko sura halisi, walikuwa wapinga vita wote tangu mwanzo. Mimi nimesoma kwamba Otto Dix alijiandikisha jeshini kwa hiari. Nani mkweli kati yetu? — Mwanafunzi, Dodoma

Wewe. Agosti 1914 wengi wao waliipokea vita kwa shangwe. Dix alijitolea, akawa mpiga bunduki ya rashasha. Max Beckmann alikwenda kuhudumia majeruhi. Franz Marc aliamini kwamba vita ingeisafisha Ulaya. Aliuawa karibu na Verdun tarehe 4 Machi 1916, na rafiki yake August Macke alikuwa ameshatangulia, Septemba 1914. Hata Ernst Barlach, ambaye leo anatajwa miongoni mwa wapenda amani, alichora kwa ajili ya jarida la Kriegszeit la mchapishaji Paul Cassirer mtu anayekimbia na upanga mkononi, akaipa picha hiyo jina la "Vita Takatifu".

Kilichowageuza ni yale waliyoyaona. Beckmann alivunjika akili mwaka 1915 akarudishwa nyumbani. Ernst Ludwig Kirchner hakufika hata mstari wa mbele. Mafunzo ya jeshi peke yake yalimmaliza. Mwaka huohuo alijichora amevaa sare, sigara mdomoni, mkono wa kulia umekatwa kwenye kifundo. Mkono wake halisi ulikuwa mzima. Aliuchora umekatwa kwa sababu ndio mkono wa kuchorea. Cassirer naye alilifunga Kriegszeit mwaka 1916 akaanzisha jarida jingine, Der Bildermann, lenye sauti ya huzuni, na Barlach yuleyule wa upanga akachora humo picha ya kuomba amani.

Waliokataa mapema walikuwepo, ila ni wachache. Franz Pfemfert, mhariri wa jarida la Die Aktion huko Berlin, hakuweza kuandika dhidi ya vita kwa sababu ya udhibiti wa serikali. Akabuni njia: alikata maneno ya kichochezi kutoka magazeti mengine ya Ujerumani na kuyachapisha jinsi yalivyo, bila kuongeza neno. Mdhibiti hakuwa na la kufuta, kwani yote yalikuwa yameshapita mikononi mwa wadhibiti wenzake. Pfemfert pia alitoa matoleo maalumu ya wasanii na washairi wa nchi zilizoitwa adui, kama Ufaransa, Ubelgiji na Urusi. Conrad Felixmüller alikataa kushika silaha, akapelekwa hospitali ya jeshi; huko ndiko ilikotoka chapa yake ya 1918 ya askari aliye katika nyumba ya wenye maradhi ya akili. Naye Heinrich Vogeler, ambaye aliwahi kujitolea kama Dix, alimwandikia Kaisari barua Januari 1918 katika sura ya hadithi: Mungu anatokea uwanjani Berlin kama mzee anayegawa karatasi zenye amri zake, anakamatwa na kuuawa kama msaliti. Jibu la dola lilikuwa kumfungia Vogeler hospitali ya wagonjwa wa akili huko Bremen.

Kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba picha kali kuliko zote zilitoka kwa watu waliojua kwa undani walichokuwa wanakikataa, wengine kwa sababu walikwisha kukikubali.

Nimejaribu kuchonga chapa ya ubao nikifuata mtindo wa Käthe Kollwitz. Za kwake ni nyeusi na nzito, zangu zinatoka kama michoro ya kalamu, tena zenye mabaka. Nakosea wapi? — Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo

Kosa la kwanza linaanzia kwenye penseli. Kwenye chapa ya ubao, sehemu isiyochongwa ndiyo inayopakwa wino na kutoka nyeusi, iliyochongwa hutoka nyeupe. Wewe unachora mistari juu ya ubao mweupe, kisha unachonga kila kisicho mstari. Matokeo ni mchoro wa kalamu uliotolewa jasho bure.

Kollwitz, msanii wa kike wa Ujerumani, aliufikia ubao kwa kuzungukazunguka. Mwanawe Peter aliuawa Ubelgiji Oktoba 1914, na umri wake ulikuwa miaka 18. Kwa kuwa hakuwa ametimiza umri wa kujiamulia, alihitaji ruhusa ya baba ili ajiandikishe. Baba hakutaka, mama akamwombea. Mzigo huo Kollwitz alijaribu kuutoa kwenye bamba la chuma, kisha kwenye jiwe la kuchapia, asiridhike. Mwaka 1920 aliona chapa za ubao za Barlach kwenye maonyesho huko Berlin, akabadili zana. Mfululizo wake uitwao *Vita*, picha saba, ulichongwa hasa 1921 na 1922, ukatolewa 1923: Sadaka, Waliojitolea, Wazazi, Mjane wa kwanza, Mjane wa pili, Akina Mama, na Umma.

Itazame *Wazazi* kwa karibu. Watu wawili wamepiga magoti na kushikamana hadi wamekuwa pande moja jeusi. Baba amefunika uso kwa mkono. Mama ameanguka juu yake, uso hauonekani. Mistari myeupe ni michache na yote inafuata uzito wa mwili unaoelemea chini. Picha hiyo aliirudia kwa sababu ya awali aliiona ina mwanga mno na iko wazi mno. Aliandika katika shajara yake kwamba maumivu ni giza tupu. Hapo ndipo kuna somo lako: weusi ndio mtaji, na kila pigo la patasi ni matumizi.

Fanya hivi. Chukua plaiwudi ya milimita 6 au 9, yenye uso usio na vifundo, ukubwa wa sentimita 30 kwa 40 hivi (*Akina Mama* ina takriban 34 kwa 40). Piga msasa namba 180, kisha 240, ukifuata nyuzi za mbao. Paka ubao wote wino mweusi uliozimuliwa kwa maji na uuache ukauke kabisa. Sasa chora kwa chaki nyeupe, na usichore umbo. Chora mahali mwanga unapoangukia tu: paji la uso, ukingo wa kidole, mkunjo wa nguo begani. Utakachokichonga ni chaki, basi.

Zana nne zinatosha: kisu chenye ncha kali, bobari (patasi ya kuchimba mfereji) ya umbo la V, na bobari mbili za mviringo, ya milimita 3 na ya milimita 8. Anza kwa kukata ukingo kwa kisu ukikilaza kidogo, ili ukuta wa mstari uwe na mteremko. Ukuta uliosimama wima humomonyoka ukichapwa mara chache. Kisha toa mbao kwa bobari, kina cha milimita 1 hadi 2, na 3 kwenye maeneo mapana ambako rola inaweza kuzama. Ukichonga kukata nyuzi, ganda la juu la plaiwudi hubanduka. Likibanduka, usilivute, tia tone la gundi nyeupe ya mbao chini yake, bandika, subiri saa moja. Mkono usiochonga ukae nyuma ya makali wakati wote. Tumeona vidole vingi vilivyoshonwa kwa kudharau jambo hili.

Simama ukishachonga sehemu moja ya tano ya ubao, uchape jaribio. Wengi huona hapo kwamba wameshakaribia mwisho. Ukichonga kupita kiasi hakuna dawa, mbao hairudi.

Sasa mabaka. Yana sababu tatu na kila moja ina sura yake. Nakala mbili za mwanzo hufifia kwa sababu ubao unakunywa wino. Hizo ni za majaribio tu, usizihesabu. Nukta nyeupe zilizotapakaa kote maana yake wino ni mchache au rola ni ngumu. Mabaka makubwa katikati, huku kingo zikiwa nyeusi vizuri, ni ubao uliopinda au msuguo hafifu. Kwa ubao wa ukubwa huo weka kijiko kimoja cha chai cha wino wa mafuta juu ya kioo, uutandaze kwa rola mpaka usikie mlio mwembamba wa kunatanata. Uso wa wino ukiwa na vinundu kama ganda la chungwa, umezidi, na utaziba mistari myembamba. Ongeza kwa tabaka nyembamba tatu au nne badala ya moja nene. Tumia karatasi nyepesi, gramu 60 hadi 90, isiyong'aa. Sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kuanzia katikati kwenda nje, dakika 10 kamili, ukiinua pembe moja kukagua huku ukishikilia ile ya pili. Usizimue wino kwa mafuta ya taa: mafuta hutambaa kwenye karatasi na kuacha duara la njano kuzunguka kila umbo. Huko pwani, kwa unyevu wa hewa, zipe chapa wiki nzima zikauke kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine.

Picha za vita za Otto Dix zinaonekana kama zimeoza. Alizitengenezaje, na tunaweza kujaribu shuleni? Pia, je, Dix mwenyewe alikuwa mpinga vita? — Mwalimu, Eldoret

Mwalimu, neno "zimeoza" ni sahihi kiufundi. Mfululizo wake *Vita* wa mwaka 1924 una picha 50 zilizochapwa kutoka mabamba ya chuma yaliyoliwa na tindikali, katika majalada matano ya picha kumi kumi, nakala 70, mchapishaji Karl Nierendorf wa Berlin. Mchapishaji huyo alitoa pia kitabu cha bei nafuu chenye picha 24 ili umma uzione.

Mbinu kuu ni akwatinta, ambayo Dix alifundishwa na Wilhelm Herberholz huko Düsseldorf. Unga laini wa ulimbo mkavu hunyunyizwa juu ya bamba, kisha bamba hupashwa moto kwa chini mpaka chembe zishike bila kuyeyukiana. Ukilitia kwenye tindikali, chuma huliwa katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe, na vishimo hivyo hushika wino na kutoa rangi ya kijivu. Sehemu unayotaka iwe nyeupe unaipaka vanishi mapema. Sehemu ya kijivu unaitoa na kuifunika baada ya muda mfupi. Nyeusi unaiacha ndani muda mrefu zaidi. Ukizidisha moto, ulimbo huwa ganda moja na tindikali haipiti. Unga ukiwa haba, tindikali hula uwanda wote na kuacha eneo tambarare lisiloshika wino, lenye kijivu cha madoa. Hilo la pili mafundi huliona kuwa kosa, lakini Dix alilitaka. Alirudisha mabamba ndani ya tindikali tena na tena mpaka uso wa chuma ukachimbika, na kwenye picha ya majeruhi wa Bapaume, 1916, huwezi kutenganisha kidonda cha mtu na jeraha la bamba. Katika picha ya askari watano wanaosonga mbele wakati wa shambulio la gesi, barakoa zimeachwa karibu nyeupe huku mashimo ya macho yakiwa meusi, na mandhari yote nyuma yao imeliwa.

Shuleni, tindikali ya naitriki isiingie kabisa. Moshi wake unachoma mapafu. Fundi wa redio anaweza kukuuzia kloridi ya chuma, ile wanayotumia kutengenezea saketi, ambayo hula shaba bila moshi mkali. Lakini vaa glovu na miwani, tumia chombo cha plastiki, na usiiguse kwa bamba la aluminiamu, kwani huchemka kwa nguvu. Darasani njia salama ni pakiti tupu ya maziwa, ile yenye ndani ya fedha. Ifungue, ioshe, ichore upande wa fedha kwa sindano ya bikari. Ukitaka weusi, kata ukingo wa eneo na ubandue ngozi ya juu. Karatasi iliyo chini ina manyoya na inashika wino mwingi. Jaza wino kwa kitambaa, futa uso kwa karatasi ya gazeti, weka karatasi iliyoloweshwa na kukaushwa kidogo, kisha gandamiza kwa rola nzito ya chuma. Kijiko kitakupa chapa hafifu. Pakiti moja hutoa nakala kumi hivi kabla ya kulegea.

Kuhusu Dix mwenyewe: alikataa kuitwa mhubiri wa amani. Alisema alitaka kuyaona yote kwa macho yake, hata mabaya kabisa. Ila waliopenda vita walimwelewa vizuri. Mchoro wake mkubwa wa handaki la vita, uliomalizika 1923, ulinunuliwa na makumbusho ya Cologne. Ukazua ghasia, ukafichwa nyuma ya pazia, na mji ukaurudisha. Wanazi waliuonyesha mwaka 1937 huko Munich katika maonyesho yao ya kuidhalilisha sanaa ya kisasa. Baadaye ulipotea, na hadi leo haujapatikana. Kwa maoni yetu, mtu aliyefuatwa hivyo alikuwa amesema jambo, hata kama hakujiunga na chama chochote.

Tunatengeneza bango la amani kwa kuchonga. Mara mbili maneno yametoka kinyume! — Kikundi cha vijana, Kisumu

Chapa ya ubao hugeuza kila kitu kushoto-kulia. VITA ni mtego wa pekee: V, I, T na A zote zinafanana pande mbili, kwa hiyo kwenye ubao hamwoni kosa lolote, kisha linatoka ATIV. Andikeni kwenye karatasi nyembamba, igeuzeni juu ya kioo cha dirisha, pitisheni kalamu kwa nyuma, kisha nakilini kwenye ubao kwa karatasi ya kaboni. Kabla ya kukata, usomeni ubao kwenye kioo cha kujitazamia. Unene wa herufi usipungue milimita 5.

Bango la Kollwitz mnalolifuata, *Vita Tena Hapana* la 1924, halikuchongwa. Ni chapa ya jiwe: kalamu ya mafuta huchora, jiwe la chokaa hutiwa gundi ya mwarabu iliyochanganywa na tindikali kidogo, halafu hulowanishwa, maji hukaa kwenye jiwe tupu, wino wa mafuta hukaa penye mafuta. Kollwitz mara nyingi alichora kwanza kwenye karatasi maalumu na kuihamishia kwenye jiwe, njia inayoondoa tatizo la kugeuka. Liliagizwa kwa ajili ya mkutano wa vijana mjini Leipzig, Agosti 1924, miaka kumi baada ya vita kuanza. Angalieni jinsi maneno yalivyoandikwa kwa kalamu ileile iliyochora nywele na mdomo wa kijana, hayakubandikwa baadaye. Nanyi chongeni herufi kwa bobari ileile mliyochongea sura.

Naishi Antwerpen, asili yangu Bukavu. Nimesikia sanamu za Kollwitz za wazazi ziko huku Ubelgiji. Ziko wapi na nitazame nini? — Mama msomaji

Ziko Vladslo, makaburi ya askari wa Kijerumani, kilomita chache kutoka mji wa Diksmuide. Mama, panda treni hadi Gent, ubadilishe ya kuelekea De Panne, ushuke Diksmuide. Kutoka hapo ni baiskeli au teksi. Hakuna kiingilio. Zaidi ya watu 25,000 wamezikwa hapo, chini ya mabamba bapa, kila moja na majina mengi. Peter ni mmoja wao, na bamba lenye jina lake liko mbele ya sanamu.

Kollwitz alianza kuiwaza kazi hii mwishoni mwa 1914. Kwanza alimweka kijana amelala, wazazi kichwani na miguuni. Akaiacha mwaka 1919, akairudia miaka kadhaa baadaye, akamwondoa kijana kabisa. Mwaka 1932 sanamu zikawekwa katika makaburi ya Roggevelde, zikahamishiwa Vladslo pamoja na masalia katika miaka ya 1950. Zizunguke. Kila mzazi ana jiwe lake na kuna nafasi kati yao. Baba amenyooka na kujikumbatia, mama ameinama. Hawashikani. Linganisha na *Wazazi* ya ubao, ambamo wamekuwa kitu kimoja.

Waliozoea mnara wa Askari pale Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927 kwa ajili ya vita hiyohiyo, wataona umbali uliopo. Pale mpiganaji anasonga na singe yake mbele. Wapagazi wengi waliokufa kwa njaa na maradhi katika mapigano ya Afrika Mashariki, pamoja na wazazi wao, hawaonekani katika shaba ile.

Nikiwapa wanafunzi wa kidato cha pili mada ya vita, wanachora bunduki, vifaru na damu. Niwaelekezeje? — Mwalimu wa sanaa, Kigoma

Bunduki ikichorwa vizuri inapendeza, ndiyo shida yake. Katika picha zote saba za *Vita* ya Kollwitz hakuna bunduki, hakuna adui, hakuna uwanja wa mapambano. Kifo kinatokea mara moja tu, kikipiga ngoma mbele ya vijana waliojitolea. Kinachobaki ni mikono na migongo.

Weka sharti moja: silaha haziingii, wala damu. Waulize nani amebaki nyumbani, na mwili wake unafanya nini. Waite wanafunzi wawili wakae chini na kujifunika kitenge kimoja, mikao mitatu ya dakika tano tano. Wengine wachore kwa mkaa, uzito tu, bila nyuso. Siku ya pili kila mmoja achague mkao mmoja na kuuhamishia kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi ya sentimita 15 kwa 20. Siku ya tatu wachonge lino (linoliamu, zulia laini la sakafuni) ya ukubwa huo. Lino haina nyuzi, inafaa mikono michanga. Iwekeni juani dakika chache ilainike. Seti sita za zana zinatosha darasa la watu 30 mkifanya kwa zamu, huku wengine wakichapa.

Huko Kigoma baadhi ya watoto wako huenda walikimbia vita wao wenyewe. Usimwombe yeyote asimulie, na anayetaka kuchora mti au nyumba mwachie achore. Nakala zikikauka, kila mmoja aandike chini kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: kushoto namba ya nakala, mfano 3/12, katikati jina la picha, kulia sahihi yake.